Stabu Isiyojua Salamu

Mimi ni mtu wa kuchokonoa. Utotoni nilifungua redio ya mama nione nani anaongea humo ndani, na udadisi huohuo ndio ulionifanya niandike programu za kompyuta nyumbani kwetu mtaani Iftin badala ya kuuza nguo kama alivyotaka yeye. Mwaka jana habaryar, yaani mdogo wake mama, akanipa kazi. Anauza maziwa ya ngamia mjini Garissa, na maziwa yenyewe hutoka kwa mama mmoja wa Bura anayeyakusanya kwa majirani. Kila asubuhi ilikuwa simu juu ya simu: yapo, hayapo, gari liende, lisiende. Habaryar alikuwa amechoka.

Programu niliyoandika ilikuwa nyepesi. Inamtumia mama wa Bura meseji kumuuliza kama maziwa yapo. Akijibu "yapo", dereva wa habaryar anatumiwa ujumbe aende kuyachukua. Akijibu kingine chochote, dereva anaambiwa apumzike. Mambo yote yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu dereva ni mtu wa Mwingi na Kisomali chake hakivuki salamu ya "nabad", yaani amani.

Sasa, huwezi kuijaribu programu kwa kusumbua watu wazima na shughuli zao. Unawatengeneza wa bandia. Yupo anayejibu kile tu ulichomfundisha. Sisi wa kazi hii tunamwita stabu. Yupo mwingine anayeangalia kama ameitwa, na kwa maneno gani. Huyo ni moki. Mama wa Bura nikamfanya stabu, dereva nikamfanya moki. Stabu akasema "yapo", moki akathibitisha kwamba ameagizwa safari. Majaribio yote yakawa kijani, yaani yamefaulu, nami nikavimba kichwa.

Siku ya kwanza ya kazi gari halikwenda. Habaryar alikuja adhuhuri, akakaa bila kuvua shungi.

"Maziwa yamekaa juani tangu asubuhi," alisema. "Mama wa Bura anasema amejibu, na mashine yako imemwambia dereva hakuna kitu. Mimi ndiye niliyempa neno. Kesho gari lisipofika, atawapa wengine, na sitakuwa na uso wa kumlaumu."

Nikafungua kompyuta. Jibu lake lilikuwepo: "Asc walaal. Nabad? Watoto wazima? Maziwa yabo alhamdulillah."

"Asc" ni Assalaam aleikum kwa mkato, na "walaal" ni ndugu. Nilicheka, kisha nikaudhika, kisha nikacheka tena. Kwetu Wasomali p hugeuka b kabla haijafika mdomoni. Shuleni mimi mwenyewe nilichekwa mpaka nikazoea kwa kusema "babai" badala ya "papai". Na nani kwetu hujibu swali kabla ya salamu? Stabu yangu ilijibu neno moja kavu, kwa Kiswahili cha kitabu cha darasa la nne. Nilikuwa nimeunda mtu ambaye hajawahi kuishi upande huu wa mto Tana.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Ijara. Ng'ombe akifiwa na ndama hukataa kukamuliwa, kwa hiyo bibi aliijaza majani ngozi ya yule ndama, akaipaka chumvi, akaisimamisha mbele ya mama yake ndama. Ng'ombe aliilamba, na maziwa yakashuka. Niliuliza kwa nini tusitumie ngozi iliyokuwa imelala stoo, nzuri zaidi. Bibi alisema ng'ombe hatazami uzuri. Lazima iwe ya mtoto wake, yenye harufu yake, la sivyo utapigwa teke. Nilishangaa wakati ule, na bado nashangaa: bandia inakubaliwa, ila iwe imetoka kwa aliye wa kweli.

"Nionyeshe simu yako," nilimwambia habaryar. "Nataka meseji zake zote za zamani."

Tulikaa mkekani mchana wote tukizisoma. "Iko mingi, wallahi." "Leo kitogo, ngamia moja anaumwa." Moja ilisema "Alhamdulillah" tu.

"Hii ina maana yapo au hayapo?" niliuliza.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Sauti yake. Mtu humshukuru Mungu kwa neema na kwa msiba pia. Ukipata hiyo, mpigie simu."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko yote. Nikaitengeneza stabu upya kwa maneno yake mwenyewe, salamu na makosa yakiwemo, na nikaongeza jaribio la kanuni mpya: programu isipoelewa, isiamue, bali imwambie habaryar apige simu. Kabla sijairekebisha programu yenyewe, nilifanyisha majaribio tena. Yote yakawa mekundu. Sijawahi kufurahia wekundu namna ile. Kwa mara ya kwanza yalikuwa yanajaribu kitu. Kufikia magharibi yalikuwa yamerudi kijani, na habaryar akampigia mama wa Bura kumwomba ajaribu mara moja tu. Upande wa pili ukasema "haya".

Asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta. Swali likaondoka. Jibu lilichelewa, nikaanza kuwaza kwamba maziwa yameshakwenda kwa wengine. Kisha likaja: "Asc. Maziwa yabo. Leo umenisikia?"

Programu iliokota "yabo" ikamwagiza dereva, naye akawasha gari. Lakini swali la mwisho halikuwa na jaribio lolote. Nikachukua simu yangu mwenyewe, nikamwandikia, nikimwita shangazi kwa Kisomali: "Nimekusikia, eddo. Gari liko njiani."