Betri Sita za Redio ya Mama

Drili ile ilitugharimu madebe matatu ya mahindi, jogoo mmoja na betri sita za redio. Nimehesabu mara mbili, na mara zote betri ndizo zinazonishinda bei.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nyie mliokulia Songea mnaikumbuka. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakajaa vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Sisi watoto wa Bombambili tukitoka shule tulipitia kwenye maturubai ya mitumba kunusa tu, maana kunusa kulikuwa bure. Hapo ndipo Baba, fundi seremala, alipoikuta drili isiyo na waya, kuukuu, mpini umechubuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika ukaunga vibaya, na keke ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa imemshinda. Alikuwa na oda ya milango minane. Asipotoboa, kazi inakwenda kwa fundi mwingine.

Drili ilifanya kazi siku tisa ikazima. Baba akaifungua juu ya mkeka, sisi tumemzunguka. Kaboni za mota zilikuwa zimelika. Akapasua betri mbovu ya tochi, akatoa kile kijiti cheusi tulichozoea kuchorea ukutani, akakisugua kwa msasa mpaka kikaingia. Lakini betri ya drili yenyewe ilikuwa imekufa, inatoa unga mweupe.

"Hapa zinatakiwa betri sita kubwa, mpya," akasema, akaniangalia.

Mpya zilikuwa mahali pamoja tu: kwenye redio ya Mama, naye alikuwa kisimani.

"Nikizileta napata nini?" Nilikuwa na miaka kumi na sikuwahi kutoa kitu bure.

"Utapata ugali jioni."

"Ugali napata hata nisipoleta."

"Basi na dagaa, we mtoto!"

Nikazitoa, nikaweka za zamani za aina ileile, zilizoanikwa juani juu ya bati zipate nguvu. Baba akazipanga zile mpya ndani ya mwanzi, akakaza kwa mpira wa baiskeli, na drili ikazunguka, kwa kusuasua, lakini ikatoboa. Harufu ya mbao ikajaa uani. Tulishangilia kama tumefunga goli.

Jioni redio ikakoroma, ikanyamaza. Mama akazing'ata betri moja moja kuziamsha, akazirudisha redioni, wapi. "Yule mwenye duka kaniuzia mbovu," akasema. Baba akainamia sahani yake. Mimi nikala dagaa.

Siku ya tano akaja utingo wa lori kutoka Nakapanya, alikoishi mama yake Mama. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Pole. Mbona hukuja? Walitangaza redioni jioni mbili kwamba bibi yuko mahututi, ufike haraka. Kila gari likisimama alikuwa anauliza kama umeshuka. Tumemzika jana."

Mama hakulia palepale. Aliitazama redio kwanza, kwa muda mrefu.

Baba aliniambia mara moja tu, nyuma ya banda: "Hili libaki letu wawili." Milango minane ikakamilika. Mama hakununua tena kwenye duka lile. Akikutana na mwenyewe alivuka barabara asimsalimie, na mzee wa watu akafa bila kujua kosa lake.

Siku hizi wanangu simu ikipungua chaji wanazunguka nyumba kama wamefiwa. Nawacheka, halafu kicheko kinaniishia. Wao habari za mgonjwa zinawafikia kabla hajameza dawa, na bado hawaendi kumwona. Sisi tulikuwa na sauti moja kwa nyumba nzima, na Mama angekwenda, hata kwa miguu.

Baba tumemzika mwaka jana, kaniachia mzigo wake juu ya wangu. Mama yupo, na juzi tu aliwasimulia wajukuu habari za mwenye duka aliyemfanya asimuage mama yake. Mara mbili nimekaa naye jikoni nikafungua mdomo, na mara zote nikaishia kuomba chumvi. Nyie wa rika langu, nishaurini: nimwambie sasa, akiwa na miaka yake themanini, au nimwache na mwenye duka wake?