Nimempikia mama chai yenye ladha ya pasheni, nikaiharibu kwa maziwa

Wakuu, habari za jioni. Kwenye hili sitii chumvi, maana nyumbani kwetu hata sukari imeshakatazwa.

Niko Uru, hapa juu ya Moshi mjini. Mimi ndiye mziwanda, na kwa sisi Wachagga mziwanda wa kiume ndiye anayebaki na kihamba, lile shamba la nyumbani yenye migomba na kahawa.

Wasichokwambia ni kwamba unabaki na wazazi pia. Mzee alishatangulia, nipo na mama.

Mama ana kisukari. Daktari kamwambia aache sukari kwenye chai. Yeye kasema chai isiyo na sukari ni maji ya kuoshea vyombo, hanywi. Asipokunywa chai, hali. Asipokula, dawa hamezi.

Hiyo ndiyo vita yangu kila asubuhi kabla sijashuka mjini kazini. Nimechoka wakuu, acha niseme tu.

Ndugu zangu wako Dar, kazi yao ni kushauri kwenye group la familia. Juzi dada akatuma boksi la chai nyeusi yenye flavour ya pasheni na limao. Eti ukiinusa tu, sukari huitamani tena.

Nikafungua. Jiko zima likanukia, nikapata moyo.

Hapo ndipo nilipoboronga. Huku kwetu chai ni ya maziwa, na yanachemshwa pamoja na majani kwenye sufuria moja. Kumpa mama yako chai ya rangi na ng'ombe yupo bandani ni aibu. Nikamimina maziwa, nikatumbukiza vifuko.

Maziwa yakakatika. Mabonge juu, maji ya kahawia chini.

Mama akaja kuchungulia. "Sasa hiyo ni chai au mtori?"

Nikakaa kwenye kigoda, machozi yakanitoka, mwanaume mzima.

Mama akabandika maji matupu, akatia kifuko kimoja, akanywa hivyo hivyo bila maziwa wala sukari. Uso umekunjamana kama anakunywa mwarobaini.

Nami nikaonja. Ukweli? Pasheni inaishia puani. Mdomoni unakuta ukakasi na uchachu kwa mbali.

Akamaliza kikombe. Akala ndizi, akameza dawa.

Nikamuuliza, "Mama, kumbe umeipenda?"

"Mbaya sana. Nimekunywa kwa sababu wewe umechoka."

Nilichojifunza: chai yenye limao usiipeleke karibu na maziwa. Halafu mgonjwa anakuona. Mimi nilidhani naficha, kumbe mama alikuwa ananihesabia kila pumzi.

Mnaouguza wazazi nyumbani, nyie asubuhi mnawapa nini? Na nyie wenyewe, nani huwauliza mmeamkaje? Uwanja ni wenu.