Malengelenge ya Mke Wangu na Mrija wa Jirani

Mke wangu alitokwa na malengelenge mdomoni, upande wa kushoto. Ningenyamaza, maana baridi ya Juni huku kwetu hupasua midomo ya watu, lakini wiki ileile nikamwona jirani yetu aliyefiwa na mkewe, fundi baiskeli, naye anayo. Upande wa kushoto! Nikashikwa na wivu.

Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, tunainywa chungu kimoja na mirija tunapokezana. Jumapili baada ya misa jirani alikaa karibu mno na mke wangu, akicheka na meno yake yote. Mimi nimebaki na machache, lakini hayo tuyaache.

"Umenywea mrija wake?" nikamuuliza mke wangu.

"Mzee, kiu haiulizi mrija wa nani."

Nikampeleka hospitali, Mazwi, kwa binti wa mdogo wangu, anayefanya kazi maabara. Dawa sikuitaka, nilitaka ushahidi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Huyu kaambukizwa lini?"

Akacheka. Akasema malengelenge yale huletwa na kirusi, nacho kikiingia kwenye seli hupeleka vinasaba vyake hadi kwenye kiini. Vinasaba hivyo ni nyuzi mbili zilizosokotwa. Protini yake moja hushika pahali maalumu pa kuanzia, nyuzi zikaanza kuachana, protini nyingine huzizuia zisirudiane, kisha kila uzi unatengenezewa mwenzake mpya.

"Kama kufumua kamba ya katani?"

"Ndiyo, ila hakianzii nchani, kinaanzia katikati. Na kabla ya hapo kinaweza kulala kwenye mshipa wa fahamu miaka mingi, hakinakili kitu. Kikipata baridi, homa, au karaha ya nyumbani, kinaamka."

Aliposema karaha akanitazama mimi.

Basi jirani hana kesi, ningefurahi. Lakini njiani kurudi Malangali ile "miaka mingi" ikaniuma kuliko mrija. Mke wangu nilimtoa Wampembe, ziwani, na kabla yangu kulikuwa na mvuvi aliyekuwa akimletea migebuka.

"Yule mvuvi alikubusu?"

Akasimama katikati ya barabara. "Yule alinuka samaki, nani angemsogelea? Mwenye malengelenge ulikuwa wewe, siku ya harusi, mbele ya kanisa zima. Dada zangu walinicheka mpaka jioni."

Nilikuwa nimewaambia watu nimeungua na chai.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye kimpumu na mirija miwili, wa mke wangu na wangu, nikakaa kati yake na jirani. Jirani akanisalimia vizuri, nikaitikia. Aliponipa mrija wake, sikuupokea.