Plaiwudi Juu ya Udongo Mbichi

Mikono yangu hii imekandika sakafu nyingi kuliko miaka niliyo nayo. Hapa Bulumbi wanawake wakiona mistari ya vidole iliyopinda kama mbavu za samaki, wanajua ni mimi niliyepita. Shule niliacha darasa la tatu, lakini kuchanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, hakuna mwalimu wa kunifundisha. Kwa hiyo siku muuguzi wa zahanati aliponiambia kwamba vumbi la sakafu yangu ndilo linalombana mjukuu wangu kifua, nilimtazama kama mtu aliyenitukania mama.

Mjukuu huyo ana miaka saba. Ni mtoto wa pekee wa binti yangu, ambaye anapika kwenye hoteli ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na amepanga chumba huko, anatoka gizani na kurudi gizani. Ndiyo maana mtoto nimemlea mimi tangu aachishwe ziwa. Ananiita kukhu, kama tunavyoitwa mabibi wote Usamia. Pumu yake ilianza kidogokidogo, kama paka anayekoroma. Mwaka huu ikawa mbaya. Kikopo chake cha dawa ya kuvuta nilikuwa nakifunga kwenye pindo la leso yangu, popote niendapo kinagonga kiunoni.

Binti yangu hakubishana nami. Alikaa kwenye kiti, akapitisha kidole sakafuni, akakiangalia.

"Mama, nitakuja Jumapili ijayo. Nikikuta vumbi hili, mtoto anaenda Nakuru kwa shangazi yake."

Nakuru. Nikahesabu upesi: ningemwona Krismasi hadi Krismasi, akija amevaa viatu vya kubana na kunisalimia kama mgeni.

"Jumapili njoo," nikamwambia. "Na uje umevaa soksi nyeupe."

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi.

Saruji ilinishinda bei, na mchanga wake, na fundi wake anayekunywa chai tano kabla ya kushika mwiko. Lakini niliwahi kuona mjini Busia wakibomoa mbao za kumwagia zege kwenye jengo la ghorofa. Wakishatumia, plaiwudi zile huziuza kama takataka, zimejaa ukoko wa saruji. Jumatatu nikavuka barabara ya malori nikamkuta yule anayeziuza, kijana mnene mwenye penseli sikioni. Alinichagulia nzuri, akanifungia kwenye mkokoteni pamoja na papi, vile vipande vyembamba vya mbao vya kulaza chini ili plaiwudi ipigiliwe juu yake. Halafu akaanza kunifundisha.

"Bibi, chini pawe pakavu kabisa. Utandike nailoni nzito, siyo gunia. Na usibane mbao ukutani, acha nafasi ya kidole. Mbao hupumua."

"Mbao inapumua," nikamwambia, "mimi nina mjukuu asiyepumua."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona anataka kuniuzia nailoni tu, na nyumbani nilikuwa na magunia ya mbolea hadi ya kutupa.

Siku mbili tulikwangua ukoko kwa panga kuukuu, mimi na mke mwenzangu. Huyu aliletwa katika boma hili kutoka Nagongera miaka mitatu baada yangu. Mume tulimzika pamoja, na tangu hapo tunagombana pamoja, hakuna mwingine wa kugombana naye. Tulikwangua, tukapiga msasa, tukafunga vitambaa puani. Kisha tulilaza chupa ya soda yenye maji chini ili tuone sakafu inaelekea wapi: kiputo cha hewa kikikimbilia upande mmoja, tunachonga udongo upande huo. Jumatano jioni palikuwa sawa kama meza, pakavu kama mfupa.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Sakafuni pale ndipo alipolazwa mume wangu siku tulipomsubiri mchungaji. Ndipo watoto wangu walipotambaa. Kuifunika hivihivi, imechongwachongwa kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye, roho yangu ilikataa. Alhamisi asubuhi nikaenda zizini na beseni.

Mke mwenzangu alinikuta nimepiga magoti, mikono hadi viwiko. Akasimama mlangoni.

"Wewe mzee. Unafanya nini?"

"Unaona nafanya nini."

"Si unafunika leo? Hiyo itakauka saa ngapi?"

"Kwetu maiti huoshwa kabla ya kuzikwa."

"Kwetu pia. Lakini hatumziki akiwa bado anadondoka maji."

"Peleka maneno yako Nagongera."

Alienda, kumbe alienda kuleta nyundo. Ndivyo alivyo. Anakwambia ukweli, ukikataa, anakusaidia kukosea.

Nilikandika ile sakafu nikitumia ujuzi wangu wote. Na ujuzi wangu ukanidanganya mara ya pili: nikaona udongo ukiwa laini vile, afadhali papi nizizamishe humo humo. Zilikaa imara kama meno kwenye ufizi. Nikajisifu. Tukatandika magunia, tukapigilia plaiwudi, na kila ubao nikaukata kwa msumeno hadi ukagusa ukuta. Nafasi ya kidole? Ya kuingiza vumbi na siafu? Niliweka sindano pembeni, haikupita. Mke mwenzangu akapaka vanishi rangi ya asali, na Ijumaa nyumba iling'aa hadi nikaona meno yangu chini, yale yaliyobaki.

Mjukuu wangu alivua viatu nje bila kuambiwa. Akateleza kwa soksi kutoka kitandani hadi mlangoni, akarudi, akateleza tena. Sikusikia paka akikoroma.

Jumamosi nilipokanyaga katikati, ubao ulinijibu. Ulilia. Nikainama nikapitisha kiganja: palikuwa na kidonda kinachovimba, kama mkate uliofunikwa. Na harufu ilikuwepo, si ya zizi, ni ya nguo iliyokunjwa mbichi. Jioni binti yangu akapiga simu.

"Mama, umeweka kitu gani sakafuni? Mtoto ananiambia inang'aa."

"Mbao."

"Chini yake pakoje?"

"Pakavu," nikasema.

Neno moja. Nilikuwa nimesimama juu ya uvimbe wenyewe nikilisema.

Jumapili asubuhi mtoto aliamka anakohoa. Sikumpeleka kanisani. Uvimbe wa katikati ulikuwa umefika kifundo cha mguu. Nikaukanyaga, ukainuka kwingine. Nikaviringisha jiwe langu la kusagia nikalikalisha juu yake, nikatandaza mkeka ili lisionekane. Mtoto ananiangalia tu kutoka kitandani. Karibu na mlango pia mbao zilikuwa zinapanda, lakini kidogo. Nilifunga dirisha la mbao ili vumbi la barabarani lisiingie, nikatoka kwenda kupika, na mlango nikauvuta kwa nguvu zote ili kuku wasimchafulie mgeni wangu sakafu. Ulikwaruza, ukaingia. Mlango wangu hufungukia ndani. Hilo nilikuwa nalijua kwa miaka arobaini na siku ile sikulikumbuka.

Bodaboda ya binti yangu ilifika ugali ukiwa jikoni. Amevaa gauni la kanisani na soksi nyeupe. Alikuwa amezivaa kweli. Nikamtangulia mlangoni natabasamu kama mwenye duka. Nikasukuma.

Haukwenda.

Nikasukuma kwa bega. Mlango ulisogea upana wa ukucha ukasimama, kama kuna mtu mzima ndani ameuegemea.

"Umefunga?" binti yangu akauliza.

"Sijafunga."

Ndani mtoto akasema, "Kukhu, mlango umekataa." Halafu tukamsikia. Ile filimbi. Inapanda na kushuka, na kila inaposhuka inachelewa kupanda.

Mkono wangu ulienda kiunoni wenyewe. Kikopo kilikuwa hapo, kwenye pindo la leso. Mimi nje na dawa, yeye ndani na kifua.

Binti yangu aliuparamia mlango kwa mikono miwili. "Mama, fungua. Mama." Hakuwa akiniambia mimi nifungue. Alikuwa anaita tu.

Mke mwenzangu alikuja kutoka jikoni na mwiko mkononi. Yeye ndiye aliyekumbuka dirisha. Lina nondo, mtu hapiti, lakini mkono unapita. Tukazunguka. Kitasa chake kiko ndani, juu, mahali nilipokiweka mimi ili mtoto asikifikie.

Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mbao. Sauti yangu ni ya kufukuza ng'ombe. Niliibana hadi ikawa ya kumbembeleza mtoto.

"Mama yangu, unanisikia? Usiongee. Gonga kitanda."

Akagonga.

"Panda juu ya kitanda. Polepole. Ukichoka, kaa, halafu panda tena. Kukhu yuko hapa."

Kitanda kikalia. Kimya. Filimbi. Binti yangu alikuwa ameshika kiwiko changu, kucha zimeingia. Nikasikia vidole vikipapasa mbao, vinatafuta, vinaanguka, vinatafuta. Kitasa kikalia mara moja kikakwama.

"Kisukume juu, mama yangu. Juu, si pembeni."

Dirisha likafunguka na uso wake ulikuwa hapo, midomo rangi ya majivu. Nikaingiza mkono kati ya nondo hadi begani. Nilikitikisa kikopo, nikamwekea mdomoni, nikabonyeza. "Vuta. Shika. Sasa achia." Nikabonyeza tena. Mama yake alikuwa amempitishia mkono mwingine akamshika mgongo. Tulisimama hivyo, watu wazima wawili tumenaswa kwenye nondo kama mbuzi, hadi filimbi ikaanza kushuka chini na midomo ikarudi rangi.

Upande wa mlangoni nikasikia shoka. Mke mwenzangu alikuwa anakata mlango kwa chini. Mlango wa mninga aliouchonga mume wetu. Alikuwa amekwisha kukata nusu, anapiga pigo moja, anapumua, anapiga lingine. Nikazunguka nikamshika mkono, akadhani ninamzuia.

"Mwenzangu, niache."

"Sikuzuii. Nipe, unapiga kama unachuma mboga."

Kipande cha chini kilipotoka, binti yangu alipita kwa tumbo na gauni lake la kanisani, akamtoa mtoto akamkalisha kwenye upepo. Kisha akarudi ndani. Alitoa mkeka. Akaliona jiwe. Akaingiza ncha ya shoka chini ya ubao akauinua, na harufu ikatoka ikatukuta sote nje. Chini ya gunia udongo ulikuwa mweusi, unang'aa, na mistari yangu ya vidole ilikuwa mizima kama nilivyoiacha. Juu yake kulikuwa na manyoya meupe ya ukungu.

"Ulikandika," akasema.

"Nilikandika."

"Jana nilikuuliza."

Nilimtazama mke mwenzangu nikitegemea atanitetea. Alikuwa anaangalia nguo zake.

"Sikupeleki Nakuru leo," binti yangu akamwambia mtoto, lakini aliniangalia mimi. "Tutakaa chumbani kwangu, sitakwenda kazini kwanza. Mama, hii itoe yote. Ikikauka uniite. Lakini simu yako siiamini tena. Nitakuja kuona."

Soksi zake zilikuwa na matope hadi magotini. Waliondoka na ile bodaboda, mtoto katikati.

Tuling'oa mbao zote siku hiyo hiyo. Udongo nilioupaka niliuparua mwenyewe kwa jembe, sikutaka msaada, nikautupa kwenye migomba. Nikarudi kwa yule kijana wa penseli kununua nailoni nzito. Hakuniuliza kitu. Akaniambia nikitaka kujua kama chini pamekauka, nikate kipande cha nailoni, nikilaze sakafuni, nikizibe kingo zote kwa mawe, nikiache hadi kesho yake. Kikitoa jasho, bado.

Kila asubuhi nilikuwa napiga magoti nainua ile nailoni. Matone. Asubuhi nyingine, matone. Nikawasha makaa ndani mlango wazi, nikachomoa dirisha. Mke mwenzangu alikuwa anapitia dirishani na kikombe chake cha uji kuuliza hali, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

"Amelalaje?"

"Ametoa jasho."

"Basi atapona."

Wiki ya tatu nailoni ilitoka kavu. Sikuamini, nikairudisha. Ikatoka kavu tena, na mara ya tatu kavu. Ndipo nilipotandika nailoni nzima, nikapanga papi juu yake bila kuzizika, nikapigilia mbao zilizonyooka, na kila ukuta nikauachia nafasi ya kidole. Kidole changu mimi, kinene. Mlango nikauziba kwa kipande cha plaiwudi pale ulipokatwa, nao ukawa na kiraka kama suruali ya mwanafunzi. Lakini karibu na mlango niliacha pembe moja bila ubao, upana wa sinia, udongo umefunikwa na kile kipande cha nailoni na mawe yake. Mke mwenzangu akasema panaonekana vibaya. Nikamwambia ndiyo.

Binti yangu alikuja bila kutoa habari. Alimwacha mtoto kwenye ua na begi lake mgongoni, akaniamkia, akaingia. Alisimama juu ya ile pembe. Aliona nimemwachia yeye. Akapiga magoti, akatoa mawe moja moja, akainua nailoni akaielekeza kwenye mwanga. Akapitisha kiganja ndani yake. Akakipitisha kwenye udongo pia, akakiweka shavuni, kama tunavyopima nguo ya mtoto kama imekauka.

Mimi nilikuwa nimeshika nyundo na ubao wa mwisho.

"Nipe misumari," akasema.

Alipigilia mwenyewe, minne. Kisha akanyanyuka akaenda mlangoni, akauvuta, akausukuma, akauvuta, akausukuma, hadi kuku wakakimbia.

"Haya," akamwita mtoto. "Vua viatu."