Mama Tepu na Buti za Saizi Mbili

Mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Wenzake walimwita Mama Tepu tangu wiki ile alipowapanga foleni, viatu mkononi, akawapima nyayo kwa tepu, mmoja mmoja. Sakafu ya pale iliteleza kama kamasi, na mpishi wa sabuni alikuwa ameanguka akavunjika mkono kwa sababu ya buti iliyompwaya.

Walipimwa watu sitini na tatu. Unyayo mfupi kuliko wote sentimita 21.4, mrefu kuliko wote 28.6. Jumamosi asubuhi akazimwaga namba hizo mezani nyumbani kwake.

Kwanza akagawa kila nusu sentimita. Yakatoka makundi kumi na sita, mengine hayana hata mtu.

"Mama, hilo ni jedwali au kitana kilichong'oka meno?" binti yake akacheka.

"Cheka tu, mwanangu."

Akafuta. Akajaribu upana wa sentimita moja: 21 hadi chini ya 22, kisha 22 hadi chini ya 23, hivyo hivyo mpaka mwisho. Makundi manane. Idadi ikapanda taratibu, ikajaa kwenye 24 na 25, ikashuka. Hapo jedwali likaanza kusema.

Jumatatu meneja akalipiga mstari wa kalamu. "Mambo mengi ya nini? Weka upana wa sentimita nne. Makundi mawili, ndogo na kubwa, tuagize yaishe."

"Bosi, mwenye 25.1 na mwenye 28.6 watavaa buti moja. Huyo wa kwanza avae soksi ngapi?"

"Ataweka pamba."

"Pamba kaweke wewe. Mimi siweki saini kwenye oda hiyo."

"Chunga ulimi, mama."

"Ulimi wangu haujamvunja mtu mkono."

Siku hiyo hiyo alinyang'anywa funguo za stoo, akapelekwa kufunga katoni. Wiki saba, mgongo ukimwaka moto. Dada yake mkubwa akamsihi akaombe radhi. "Mwenye nguvu mpishe, mdogo wangu."

"Stoo nimempisha, dada. Saini ni yangu."

Buti zikaja, saizi mbili. Siku ya tatu watu wakazivua, wakazirundika mlangoni kwa meneja, wakasimama peku uani, mpishi wa sabuni mbele yao.

"Hatuingii," akasema.

Masufuria makubwa yakapoa. Kufika saa nne meneja alikuwa amesimama mbele ya Mama Tepu, penye katoni.

"Mama, lile jedwali lako liko wapi?"

"Lipo. Safu zote nane. Ukifuta hata moja, mimi naendelea na katoni, nimeshazizoea. Na safari hii saini ya kwanza iwe yako."

Meneja akapapasa mifukoni. "Niazime kalamu."

"Subiri," Mama Tepu akamjibu, akivuta utepe wa gundi. "Namalizia hii."