Maji ya mto tuliyaogopa, tope lake tukapandia sukuma

Wakuu, niaje. Hii ni ya nyumbani kwangu, sikusimuliwa na mtu, na sitaongeza chumvi.

Naishi Donholm na mke wangu Mutheu, ambaye ni mjamzito. Mama yangu alitoka Machakos kuja kumsubiri mjukuu. Mtu wa shamba hawezi kukaa bure, kwa hivyo akapanda mboga za sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba.

Udongo aliutoa mtoni. Mvua kubwa ikipita, mto unaotoka upande wa viwanda vya Industrial Area huacha tope jeusi ukingoni, na majirani huenda kulichota. Wanaliita mbolea ya bure.

Sasa cheka kidogo. Maji ya mto huo hakuna anayeyagusa, kwa jinsi yanavyonuka. Mama alimwagilia kwa maji ya mfereji wa nyumbani pekee. "Yale ni sumu," alikuwa akisema, huku mikono yake imejaa tope hadi viwiko.

Sukuma zikatoa majani mapana kama sinia. Kila jioni Mama alimpakulia Mutheu kwanza. "Kula mwanangu, uongeze damu."

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Rafiki yangu Kamau anafanya kazi kwenye lab ya kupima udongo, nikampelekea chupa ya maji ya mto na mfuko wa tope. Nilitaka tu kujua kipi ni kibaya zaidi, na ningeapa ni maji.

Results zilipotoka akanipigia. "Buda, maji iko na risasi kidogo tu. Hii matope ndio noma. Mmeitumia wapi?"

Risasi anayosema ni ile metali ya betri za gari. Kumbe metali nzito hushikamana na tope na kutulia chini. Maji yanapita, zenyewe zinabaki, na kila mwaka zinaongezeka. Nilikuwa nashangaa jinsi mto unavyofanya kazi, ndipo nikakumbuka sahani ya Mutheu. Niliogopa, wakuu.

Hospitalini Mutheu alipimwa damu. Risasi ilikuwemo, ingawa si nyingi. Daktari akasema tuache sukuma zile mara moja, na Mutheu aendelee kupimwa hadi ajifungue.

Mama alilia pale kwenye benchi. "Nimekuwa nikimlisha nini mjukuu wangu?"

Mutheu akamshika mkono. "Mum, hukujua. Hakuna mwenye alijua."

Tuliporudi Mama aling'oa sukuma zote, akataka tope tulirudishe mtoni. Nikamuuliza, "Na wale wa huko chini, si watalichota?" Akaanza kufunga midomo ya magunia.

Majirani nimewaambia. Wengine wameacha, wengine wananiuliza mbona wao hawajafa.

Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tunaogopa kinachonuka tu. Magunia bado yako pale nyuma, na mama huyapita kila asubuhi akienda kuanika nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa. Anayejua tope kama hili hupelekwa wapi lisimfikie mtoto wa mwingine, tafadhali aandike hapa chini.