Mwamba wa Kwenye Simu Si Mwamba wa Kitahana

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na leo nimeikumbuka kwa hasira. Nilikuwa bado bibi harusi hapa Kitahana. Maji tulichota bondeni, na mlima wa kurudi nayo unaujua mwenyewe. Baba yako Zabroni na wenzake walikuwa wakichimba kisima nyuma ya nyumba. Walipita udongo mwekundu, wakapita changarawe, kisha sururu ikaanza kudunda na kutoa cheche. Wakatoka shimoni, wakajifuta jasho, wakasema basi, wamefika kwenye mwamba.

Mama mkwe wangu Nyamwiza, bibi yako huyo, hakuwa mtu wa kelele. Ndiyo kwanza alikuwa anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Akaitua, akashika kamba, akateremka shimoni, mama mzima na kitenge chake, akaketi juu ya ule mwamba.

“Mama, panda juu,” baba yako akamwita.

“Sipandi.”

“Mwamba haupitiki, mama.”

“Umeupapasa? Hapa pana ufa unaoingia kidole, na ndani yake mna unyevu. Sema umechoka, Zabroni, nitakuelewa. Usilisingizie jiwe.”

Majirani wakaja kuchungulia. Aibu ilimshika baba yako hadi shingoni. Akaenda kuazima tindo na nyundo kwa fundi mawe, akashuka, na hapo ndipo mama yake alipokubali kuvutwa juu. Waliufuata ule ufa siku baada ya siku, jiwe likitoka vipande vipande kama vigae. Maji yalianza kama machozi, tena meupe kwa vumbi la jiwe. Baadaye yakajaa. Hayo ndiyo uliyooshewa ulipozaliwa.

Sasa wewe, Elia, kule kwako Murungu umeanza kisima, umegusa jiwe, umetupa sururu. Nilipokuja jana nikakuuliza, ukanitolea simu, ukanionyesha mchezo wenu wa kuchimba na kujenga. “Ona mama, mwamba wa chini kabisa hauvunjwi na chombo chochote. Ukifika hapo, gemu imeisha.” Ukacheka. Na mkeo Furaha amelala chumbani, mkono umefungwa plasta, kwa kuteleza na ndoo kwenye njia ya bondeni, mimba ikiwa tumboni. Jana nilinyamaza kwa sababu alikuwa anasikia. Leo sinyamazi.

Mwamba wa kwenye simu umewekwa na aliyetunga mchezo, ili mchezaji asidondoke nje ya dunia yake. Chini yake hakuna kitu. Huu wa Mungu, chini yake ni mwamba tena. Jua linaupasua, mvua inaula, mizizi inaupanua. Udongo unaolimia mihogo ulikuwa mwamba zamani. Wala haukulala sawasawa kama sakafu. Hapa umezama, kule kilimani umetokeza nje, tunaanika muhogo juu yake. Na maji hukaa katika nyufa zake. Upo mgumu unaoshinda tindo, sikatai. Ukikutana nao huo, sogea uchimbe pengine, au ujengee msingi, maana nyumba iliyoukalia haitikisiki. Lakini wewe hukuupima. Uliambiwa na simu, ukaamini, kwa kuwa ilikuambia ulichotaka kusikia.

Nimeudhika, mwana wanje, mwanangu wa kumzaa, na ukiniona nimenuna Jumapili kanisani usiulize sababu.

Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi inama. Kabla hujasema jambo limeshindikana, liguse kwa mkono wako mwenyewe. Kama uliyeshindwa ni wewe, sema ni wewe, upumzike, kisha urudi. Mchezo wako cheza jioni, sikukatazi; sheria zake usizilete kwenye shida ya mkeo.

Mungu akupe mikono migumu na moyo laini. Amponye Furaha mkono wake. Na huyo mtoto anayekuja, amjalie akue bila kuijua njia ya bondeni.